Mahali Alijineti na Kalsiamu Zinapokutana: Niliyojifunza Katika Kutengeneza Nyuzi za Haidrojeli

Uzi wa haidrojeli, yaani jeli iliyojaa maji, wenye unene wa mikromita 70, yaani chini ya moja ya kumi ya milimita, hautokani na nguvu ya pampu wala na udogo wa tundu unalopitia. Unatokana na vimiminika viwili, kimoja chenye alijineti na kingine chenye kalsiamu, kukutana mahali palipopangwa na kwa muda uliopangwa. Vikikutana mapema, kifaa huziba. Vikichelewa, kinachotoka ni ute usio na umbo. Na kalsiamu ikiporwa baadaye bila mtu kutambua, uzi uliokuwa mzima asubuhi hulainika na kupotea kabla ya jioni. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa, kwanza nikiwa mwanafunzi wa uzamili katika maabara moja nchini Japani na baadaye nikiwa mwalimu hapa nyumbani Tanzania, na karibu kila nilichojifunza, kuanzia namna ya kukoroga unga wa alijineti hadi aina ya maji ya kuhifadhia nyuzi, kimenirudisha kwenye swali hilo hilo la mahali na wakati wa kukutana.

Alijineti ni kabohaidreti iliyomo katika kuta za seli za mwani wa kahawia. Mkemia E. C. C. Stanford ndiye aliyeitambulisha mwaka 1881 kutokana na mwani wa pwani za Uskoti. Molekuli yake ni mnyororo mrefu wa asidi mbili za sukari, manuroniki na guluroniki, ambazo wataalamu huziita M na G kwa ufupi. Ikiwa na sodiamu, alijineti huyeyuka katika maji na kuwa kimiminika kizito; ikipata kalsiamu, ambayo ayoni yake ina chaji mbili, sehemu za G za minyororo jirani hushikana, na mara moja kimiminika hugeuka jeli ambayo zaidi ya asilimia 95 ya uzito wake ni maji. Hapahitajiki moto, wala mwanga wa urujuanimno, wala kiyeyusho chenye sumu, na kwa sababu hiyo seli hai zinaweza kutiwa ndani ya kimiminika kabla hakijaganda na zikaendelea kuishi. Wepesi huo wa kuganda ndio ulionivuta kwenye fani hii, na ndio pia unaoifanya iwe ngumu.

Utafiti ulionipeleka huko ni ule uliochapishwa mwaka 2013 na kundi la Hiroaki Onoe na Shoji Takeuchi wa Chuo Kikuu cha Tokyo. Walitengeneza nyuzi zenye urefu wa mita ambazo kiini chake kilikuwa seli zilizochanganywa na protini kama kolajeni, na ganda lake alijineti iliyogandishwa. Seli zilikua na kuungana ndani ya ganda, na ganda lilipoyeyushwa kwa kimeng'enya, ukabaki uzi wa tishu yenyewe. Nyuzi zenye seli za kongosho zilipandikizwa chini ya utando unaofunika figo za panya wenye kisukari, na sukari ya damu yao ikarudi katika kiwango cha kawaida kwa takribani wiki mbili. Katika ukoo wetu kisukari ni ugonjwa tunaoujua kwa karibu mno, na niliposoma matokeo hayo nilitaka sana kuielewa kazi hiyo kwa mikono yangu. Lakini sehemu ya mbinu katika makala za namna hii huwa fupi: vimiminika hivi viliingizwa kwa kasi hizi, uzi ukakusanywa. Mambo yaliyoachwa nje ya ufupi huo ndiyo ninayotaka kuyaeleza.

Kifaa chenyewe kinaweza kujengwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kumimina silikoni ya PDMS juu ya kiolezo chenye michoro ya mifereji, kuioka, kuibandua na kuigandisha juu ya kioo. Njia hiyo ni nzuri kwa mtu mwenye chumba safi na mashine ya plazima, ambayo huiandaa silikoni ishikane na kioo, ila mifereji yake kwa kawaida huwa ya pembe nne, na alijineti inayopita katikati huweza kugusa sakafu au dari ya mfereji na kunata. Njia ya pili, ambayo ndiyo niliyoizoea na ninayoipendekeza kwa anayeanza, hutumia kapilari za kioo, yaani mirija myembamba ya kioo. Unachukua kapilari ya mraba ambayo upande wake wa ndani unazidi kidogo tu milimita 1, kisha unaingiza ndani yake kapilari mbili za duara zenye kipenyo cha nje cha milimita 1, moja kutoka kila upande. Kwa kuwa duara linakaa sawasawa ndani ya mraba, kapilari hizo mbili hujipanga zenyewe kwenye mhimili mmoja. Ile ya kwanza, iliyovutwa kwa joto mpaka ncha yake ikawa nyembamba, hupeleka alijineti. Ile ya pili, ambayo haikuvutwa, hupokea kinachotoka. Kimiminika chenye kalsiamu huingia kupitia zile nafasi nne zinazobaki kwenye pembe za mraba, kikauzunguka mkondo wa alijineti kutoka kila upande. Mbinu hii ya mraba na duara ilipata umaarufu katika utengenezaji wa matone, hasa kupitia maabara ya David Weitz pale Harvard, na kwa nyuzi inafaa vilevile.

Ncha ya kapilari inastahili muda kuliko sehemu nyingine yoyote ya kifaa. Baada ya kuvutwa huwa imefunga au imechongoka kupita kiasi, hivyo huna budi kuisugua polepole kwa msasa laini huku ukiiangalia chini ya hadubini kila baada ya msuguo mchache, mpaka tundu lifikie kipenyo unachokitaka na ukingo wake uwe bapa. Ukingo ulioinama au wenye meno huufanya mkondo utoke ukiwa umeegemea upande mmoja, na upande huo ndio utakaoganda kwanza. Vumbi la kioo lililobaki ndani lazima lipulizwe nje kwa maji kutoka nyuma, si kwa kuliacha litoke lenyewe. Kwenye maungio tulitumia vitako vya plastiki vya sindano: kitako hukatwa mfereji mdogo chini, kikalazwa juu ya mahali kapilari zinapokutana, kikazungushiwa gundi ya epoksi, na hapo ndipo mrija wa kuingizia kimiminika huchomekwa. Gundi ikiwa nyepesi mno hunyonywa na nafasi ndogo za kioo na kuingia ndani ya kapilari, kwa hiyo ni vyema kuiacha ianze kuwa nzito kwa dakika chache kabla ya kuipaka.

Kuandaa myeyusho wa alijineti ni kazi inayodharauliwa na wengi, ilhali matatizo mengi ya baadaye huanzia hapo. Unga wa alijineti ukitupwa wote kwa mkupuo ndani ya maji hutoa mabonge kama uji uliokorogwa vibaya, makavu ndani na yenye ute nje, na mabonge hayo hayaishi hata ukikoroga siku nzima. Niliyofundishwa ni kuyazungusha maji kwanza mpaka yafanye shimo katikati, kisha kunyunyiza unga kidogo kidogo kwenye ukingo wa shimo hilo, na kuacha kikorogeo kiendelee polepole usiku kucha. Maji yenyewe lazima yawe hayana ayoni. Maji ya bomba au ya kisima yana kalsiamu na magnesiamu, na hata kiasi kidogo kinatosha kuanzisha chembechembe za jeli zisizoonekana kwa macho, ambazo zitakuja kukwama kwenye ncha. Hapo kukutana kumeshatokea ndani ya chupa, kabla hujagusa pampu.

Baada ya hapo myeyusho huchujwa, nao ukiwa wa asilimia 2 ni mzito mara mamia kuliko maji kutegemea daraja la alijineti, hivyo chujio dogo huhitaji subira na shinikizo la taratibu. Viputo vya hewa huondolewa kwa sentrifuji, mashine inayozungusha myeyusho kwa kasi, au kwa kuuacha myeyusho kwenye jokofu mpaka kesho yake. Kiputo kimoja kilichobaki ndani ya mrija hufanya kazi ya springi: unapobadilisha kasi ya pampu, kiputo hubanwa kwanza kabla ya kusukuma kimiminika, na uzi huendelea kubadilika unene kwa dakika nyingi huku namba kwenye pampu zikionyesha kwamba kila kitu kimetulia. Jambo jingine linalohusu seli ni usafishaji wa vijidudu. Joto la otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, hukatakata minyororo ya alijineti na kupunguza mnato wake, kwa hiyo mapishi yaliyofanya kazi kwa myeyusho wa kawaida hayatafanya kazi kwa uleule uliopitishwa kwenye otoklevu. Ni heri kuchuja kwa chujio la kuzuia vijidudu.

Sasa nieleze mtiririko wenyewe, maana hapa ndipo uzuri wa njia hii ulipo. Ndani ya mfereji mwembamba namna hii maji hayachafuki wala hayazunguki. Tuchukue kapilari ya kupokelea yenye kipenyo cha ndani cha mikromita 500, alijineti ikiingia kwa mikrolita 10 kwa dakika na myeyusho wa kalsiamu kwa mikrolita 240 kwa dakika. Kasi ya wastani ni takribani milimita 21 kwa sekunde, na namba ya Reynolds, inayolinganisha msukumo wa kimiminika na mnato wake, ni karibu 10, wakati ndani ya bomba mtiririko huanza kuvurugika ikikaribia 2,000. Mikondo miwili husafiri sambamba bila kuchanganyika, isipokuwa kwa ayoni zinazosambaa zenyewe polepole kutoka mmoja kwenda mwingine. Kwa kuwa yote miwili ni ya maji, hakuna mvutano wa uso wa kuukata mkondo wa ndani kuwa matone, jambo ambalo lingetokea kama kimiminika cha nje kingekuwa mafuta.

Unene wa uzi hutokana na uwiano wa kasi hizo. Mtu anayefanya hesabu ya haraka, akidhani kwamba vimiminika vyote vinakwenda kwa kasi moja, atapata kwamba alijineti ni asilimia 4 ya mtiririko wote, kwa hiyo kipenyo chake ni mzizi wa 0.04 mara 500, yaani mikromita 100. Lakini kimiminika kilicho katikati ya bomba hukimbia karibu mara mbili ya kasi ya wastani, na kinachokimbia zaidi hunyooka na kuwa chembamba zaidi, hivyo kipenyo halisi hushuka hadi karibu mikromita 71. Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwamba uzi hutoka kwa kasi ya takribani milimita 42 kwa sekunde: mita nzima katika sekunde 24, ikiwa na mikrolita 4 tu za alijineti ndani yake. Mililita moja ya myeyusho inatosha kwa mita 250. Nilipoifanya hesabu hii kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini njia hii inawafaa watu wanaofanya kazi na seli adimu, zile zinazopatikana kwa matone na si kwa chupa.

Wakati nao una hesabu yake. Kalsiamu husambaa ndani ya maji kwa kigezo cha takribani 0.8 × 10⁻⁹ mita za mraba kwa sekunde, na muda inaohitaji kufika umbali fulani hukua kwa mraba wa umbali huo. Ili ifike kwenye kiini cha uzi wenye nusu kipenyo cha mikromita 35, inahitaji karibu sekunde 0.8. Uzi wenye unene maradufu unahitaji muda mara nne. Sasa, ikiwa kapilari ya kupokelea ina urefu wa milimita 30 baada ya ncha, uzi wetu hukaa ndani yake kwa takribani sekunde 0.7, maana yake hutoka ukiwa umeganda nje na ukiwa bado unamalizia kuganda katikati. Hiyo ni hali nzuri ikiwa beseni la kukusanyia nalo lina kalsiamu. Ni hali mbaya ikiwa mtu ameamua kutengeneza uzi mnene zaidi bila kurefusha kapilari, kwa sababu ganda jembamba lenye kimiminika ndani hupasuka mara tu linapoguswa.

Pampu za sirinji pia zina tabia zao. Skrubu inayosukuma kijiti cha sirinji husogea kwa hatua ndogo, na sirinji ikiwa pana, kila hatua ni pigo. Kwa mikrolita 10 kwa dakika, sirinji ya mililita 10 inasogea milimita 0.06 tu kwa dakika, ilhali ya mililita 1 inasogea karibu mara kumi zaidi, hivyo mapigo yake ni madogo na ya karibu karibu. Nyuzi zilizotoka kwenye sirinji pana zilikuwa na mafundo yaliyojirudia kwa umbali sawa, na chini ya hadubini yalipendeza kiasi cha kumfanya mtu aamini kwamba amegundua jambo jipya. Yalikuwa alama za skrubu. Mabadiliko yaliyopangwa ni suala jingine: kundi la Sang-Hoon Lee wa Chuo Kikuu cha Korea lilionyesha mwaka 2011 kwamba kwa vali zinazoongozwa na kompyuta, kwa kuiga namna buibui anavyosokota hariri, uzi mmoja unaweza kupewa kemikali tofauti na hata maumbo tofauti kutoka sehemu moja hadi nyingine ya urefu wake.

Nimefika kwenye kuziba, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hakuna jambo linalowakatisha tamaa wanafunzi kama hili. Kimiminika kinachopita katikati ya tundu hukimbia, lakini kile kinachogusa kioo kimesimama kabisa. Pale kwenye ukingo wa ncha, alijineti iliyosimama inapakana na kalsiamu, na jeli huanza kuota. Kwanza ni pete nyembamba inayong'aa kidogo tu kwenye mwanga wa pembeni wa hadubini. Pete hukua ikawa mkia, mkia ukayumba ndani ya mtiririko, uzi ukaanza kutoka ukiwa umebonyea upande mmoja, na muda mfupi baadaye tundu limefunga. Mtu akiongeza kasi ya pampu akitumaini kusukuma kizuizi, kinachoachia kwanza ni gundi ya maungio.

Tiba ya kwanza ni mpangilio wa kufungua na kufunga. Kabla ya kalsiamu kuingia, nje kupite maji yenye chumvi ya kawaida au sukari, yasiyo na kalsiamu hata chembe, na alijineti iachwe itoke kwa ukamilifu mpaka mkondo wake uonekane umenyooka katikati ya kapilari. Ndipo vali igeuzwe na kalsiamu ianze kupita. Wakati wa kufunga, mpangilio hugeuzwa: kalsiamu hutangulia kuondoka, maji ya chumvi yakachukua nafasi yake, alijineti ikaendelea kutoka kwa muda ili kusafisha ncha, na mwisho kabisa ndipo pampu ya alijineti isimame. Hata ikisimama, mirija iliyokuwa imetanuka kwa shinikizo huendelea kusukuma kwa muda, kwa hiyo mtiririko wa nje usikatwe haraka. Kifaa kilichoanza kuziba kinaweza kuokolewa kwa myeyusho wa sitrati ya sodiamu wa milimola 50 kwa lita, ambao huinyang'anya jeli kalsiamu yake na kuirudisha kuwa kimiminika, mradi sitrati hiyo iachwe ikae humo bila kulazimishwa.

Tiba ya pili ni ya kina zaidi, nayo ni kuweka mkondo wa tatu kati ya hiyo miwili. Ni tabaka jembamba la maji yasiyo na kalsiamu, linaloizunguka alijineti pale inapotoka kwenye ncha. Tabaka la mikromita 10 huvukwa na kalsiamu kwa takribani sekunde 0.06, na kwa kasi ya milimita 42 kwa sekunde hilo ni sawa na kusogeza mahali pa kukutana milimita mbili na nusu hivi kutoka kwenye kioo. Jeli huanza kuundwa mahali ambapo hakuna ukuta wa kushikilia. Nakumbuka nilivyotazama picha ya hadubini siku tulipofungua mkondo huo kwa mara ya kwanza: ncha ilikuwa safi, haina pete, na mbele yake, kwa umbali unaoweza kupimwa kwa rula, mstari wa alijineti ulianza kubadilika mwanga wake ulipokuwa ukigeuka jeli. Saa zima lilipita ncha ikiwa vilevile. Mwenzangu aliyekuwa mbele yangu kimasomo, mtu asiyesema mengi, alivuta kiti akakaa nami kutazama, na hakuna aliyezungumza.

Kukusanya uzi kunahitaji macho yaliyofunzwa, kwa kuwa jeli iliyojaa maji ikiwa ndani ya maji haionekani. Mwanga hupinda ndani yake karibu sawa na unavyopinda ndani ya maji yaliyo nje. Rangi ya methilini ya bluu huisaidia sana kwa sababu ina chaji chanya na hunata kwenye alijineti yenye chaji hasi, ila haifai pale penye seli. Uzi unapotoka kwenye kapilari na kuingia katika beseni, maji yanayoubeba hupunguza kasi ghafla, nao uzi unaotoka nyuma ukiwa bado na kasi hujikunja na kujiviringisha kuwa koili. Ukitaka uzi ulionyooka, lazima uvutwe kwa kasi inayolingana na ile unayotoka nayo, kwa kigurudumu kinachozunguka ndani ya beseni lenyewe. Kuuvuta kwa nguvu zaidi huufanya mwembamba kidogo kisha huukata. Kuutoa hewani huukausha kwa sekunde chache, nao ukikauka bila kusimamiwa hunata kwenye chochote.

Kuhusu kuhifadhi, watu wengi wa baolojia huchukua maji ya bafa ya fosfeti, yaani maji ya chumvi yanayodhibiti uasidi, bila kufikiri, kwa sababu ndiyo yanayojaa kwenye rafu za maabara zao. Fosfeti huishika kalsiamu, na sodiamu iliyomo humo huchukua nafasi yake kwenye minyororo ya alijineti. Uzi huvimba, hulegea, kisha huwa ute. Bafa ya HEPES, ambayo haina fosfeti, iliyotiwa kalsiamu kidogo hutatua tatizo, na vyakula vingi vya seli vina kalsiamu ya kutosha, karibu milimola 1.8 kwa lita, kuufanya uzi udumu kwa muda mrefu zaidi ingawa nao hulainika taratibu. Upande wa seli zenyewe, kalsiamu kloridi ya milimola 100 kwa lita haidhuru kwa haraka jinsi mtu angedhania: ayoni zake tatu huipa nguvu ya osmosi inayokaribia ile ya damu. Kinachodhuru ni kuziacha seli humo kwa muda mrefu, kwa hiyo nyuzi zenye seli huhamishwa mapema kwenda kwenye chakula chao. Aina ya alijineti pia ina uzito wake hapa. Yenye G nyingi hutoa uzi mgumu unaovunjika, na yenye M nyingi hutoa uzi laini unaopindika.

Niliporudi nyumbani sikuwa na kapilari za mraba, wala mashine ya kuzivuta, wala pampu tatu. Nilikuwa na wanafunzi wenye hamu na mtaalamu wa maabara, mama mwenye uzoefu mrefu wa kufanya mengi kwa vifaa vichache. Tulianza na mrija wa dripu. Sindano ya geji 25, yenye tundu la takribani milimita 0.26, tuliichoma kwenye ukuta wa mrija kwa mshazari, tukaipindisha taratibu hadi ncha yake ikalala katikati na kuelekea mbele, na tundu la kuchomea likazibwa kwa gundi. Kalsiamu ilishuka kutoka kwenye chupa iliyotundikwa, na kasi yake ilirekebishwa kwa kuinua au kushusha chupa, kwa kuwa kila mita ya kimo cha maji hutoa shinikizo la karibu kilopaskali 10. Alijineti ya asilimia 1 ilisukumwa kwa sirinji iliyosimamishwa wima na kuwekewa mzigo juu ya kijiti chake. Maji tuliyonunua mwanzoni yalitoka kisimani na yalitoa mabonge kwenye chupa, kama nilivyotarajia. Tulihamia kwenye maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta, yale yaliyoondolewa ayoni, na nasisitiza kusoma chupa vizuri kwa sababu asidi ya betri huuzwa kwenye rafu ile ile.

Siku uzi ulipotoka kwa mara ya kwanza, mama yule aliinama juu ya beseni akasema, "Mwalimu, mbona sioni kitu?"

"Kipo, mama. Ingiza kijiti cha kioo taratibu, ukizungushe."

Alizungusha, akakiinua, na kwenye ncha kulikuwa na kishada kilaini kinachodondosha maji. Alikishika kwa vidole viwili, akakivuta, kikanyooka kisha kikarudi. Wanafunzi walimzunguka wote. Unene wa nyuzi hizo ulikuwa mikromita mia mbili na zaidi, haukuwa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwa kazi ya seli usingefaa. Kwa kufundishia usambaaji, mnato na uwiano wa mitiririko, sijaona chombo kinachoushinda, kwa kuwa mwanafunzi anayeinua chupa ya kalsiamu huuona uzi ukiwa mwembamba mbele ya macho yake.

Swali ambalo wanafunzi wa pwani huniuliza kila mwaka ni kuhusu mwani wetu. Mwani unaolimwa Zanzibar tangu mwaka 1989, katika vijiji kama Paje na Jambiani, na ambao kwa sehemu kubwa umebebwa na mikono ya wanawake, ni mwekundu: spinosum na cottonii. Hautoi alijineti bali karajinani. Nayo hutengeneza haidrojeli, lakini kwa masharti mengine. Aina yake iitwayo kappa, inayotoka kwenye cottonii, huyeyushwa kwa joto, na huganda inapopoa mbele ya potasiamu, kwa hiyo anayetaka nyuzi zake lazima adhibiti joto la kapilari pamoja na ayoni. Hiyo ni kazi ninayotamani kuiona ikifanyika hapa, kwa malighafi ya hapa. Mwani wa kahawia tunao pia, Sargassum na Turbinaria, unaotupwa ufukweni na wengi huuona kuwa takataka. Tumeanza na Sargassum: tunauosha, tunauloweka katika asidi hafifu, tunautoa alijineti kwa sodiamu kaboneti yenye uvuguvugu, kisha tunaigandisha kwa alkoholi. Myeyusho tulioupata ni wa rangi ya chai, kutokana na polifenoli, kemikali za asili za mwani huo, na mnato wake ni mdogo kuliko wa alijineti ya dukani, hivyo tumelazimika kufika asilimia 3 ili mkondo ubaki umenyooka. Uzi wake huganda vizuri ndani ya mrija wa dripu na hukatika unapoinuliwa kutoka kwenye beseni bila kushikiliwa. Kwa sasa tunauloweka mwani katika alkoholi kabla ya hatua ya asidi ili kupunguza polifenoli, na tunatumia kaboneti isiyo ya moto sana, kwa kuwa joto kubwa hukata minyororo ambayo ndiyo inayoupa uzi nguvu.